Wakifunga Tena, Je? Somo la Juma la Kwanza la Majilio

 

Swali ambalo nimeulizwa sana wiki hii halihusu Majilio. Ni hili: “Frateri, kwani watafunga tena?” Ameniuliza dada mmoja wa kwaya ambaye harusi yake ni Aprili, na tayari ameiahirisha mara mbili. Ameniuliza mtahiniwa wa kidato cha nne anayesubiri KCSE mwezi Machi. Ameniuliza pia kijana anayeuza nguo jioni kando ya barabara, ambaye wakati wa kafyu alikuwa akikunja mali yake saa ambayo wateja ndio kwanza wanatoka kazini.

Swali lao lina msingi. Hatujasahau. Kafyu ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi 2020. Makanisa yalipofunguliwa Julai mwaka huo, tuliingia watu 100 tu kwa muda wa saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Tukaanza kuzoea. Kisha tarehe 26 Machi 2021, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa, na ibada za ana kwa ana zikasimamishwa humo. Juma Kuu la pili tukiwa sebuleni!

Ndiyo maana tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta alipoondoa kafyu pale Wang'uru, wengi tulishangilia kama watu waliotoka kifungoni. Lakini mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba wanaotaka huduma za serikali ana kwa ana waonyeshe cheti cha chanjo. Tarehe 26 Novemba Shirika la Afya Duniani likaipa aina mpya ya kirusi jina la Omicron, na nchi nyingi zikaanza kusimamisha ndege kutoka kusini mwa Afrika. Basi, roho zikashuka tena.

Mimi si waziri wala daktari, kwa hiyo hilo la kufunga au kutofunga sitalijibu. Nataka tujifunze jambo jingine: Mkristo afanye nini na kesho asiyoijua?

1. Yesu anataja wasiwasi pamoja na ulevi

Injili ya Jumapili iliyopita ilikuwa Luka 21:25-28, 34-36. Fungua Biblia yako uisome polepole. Yesu anaeleza wakati ambapo watu watazimia kwa hofu ya mambo yanayokuja juu ya dunia. Halafu anawaambia wanafunzi wake wafanye kinyume na wengine wote: wasimame wima na kuinua vichwa, kwa sababu ukombozi wao uko karibu.

Sasa angalia aya ya 34. Yesu anaonya juu ya mambo yanayoulemea moyo. Anataja ulafi, ulevi, na tatu anataja wasiwasi wa maisha. Umeona? Sisi tukimkuta kijana amelewa mchana tunasema ana tatizo. Tukimkuta hajalala usiku kucha kwa kufuatilia habari kwenye simu, tunasema yuko makini. Yesu anawaweka kwenye mstari mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mlevi na mwenye wasiwasi wanafanana katika jambo moja: wote wawili hawapo. Mwili uko hapa, akili iko mahali pengine. Leo inapita na hawakuishi ndani yake.

Hapo mtu ataniuliza: “Kwa hiyo Frateri unataka tusijali? Tuvue barakoa tuseme Mungu yupo?” Hapana, ngoja kwanza.

2. Kila wakati na shughuli yake

Katika masomo ya falsafa tulikaa muda mrefu na Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13. Katika kitabu chake Summa Theologiae, sehemu inayohusu busara, anauliza swali ambalo ni kama liliandikwa Nairobi wiki hii: je, ni halali kuhangaikia mambo yajayo? Analipima neno la Bwana kuhusu kesho (Mt 6:34), kisha anaweka mbele yetu yule chungu wa Mithali 6:6-8, anayekusanya chakula wakati wa mavuno.

Jibu lake ni rahisi na linasaidia sana. Kutazama mbele si dhambi. Tena ni sehemu ya busara, na mtu asiyetazama mbele kabisa hana busara. Ila kila wakati una shughuli yake. Shughuli ya kuvuna ina msimu wake, na shughuli ya kuchuma zabibu ina msimu wake. Anayeanza kuhangaikia zabibu wakati wa kuvuna nafaka anavuta mzigo wa siku nyingine na kuubeba kabla ya wakati. Chungu anasifiwa kwa sababu anafanya kazi ya msimu aliomo.

Sisi watoto wa wakulima tunaelewa hili bila kufungua kitabu. Mwezi wa kupanda, unapanda. Hukai shambani na mbegu mkononi ukilia kwamba mwezi wa kupalilia huenda jembe likakatika mpini. Ukifanya hivyo utakosa kupanda, na siku ya kupalilia ikifika hutakuwa na cha kupalilia.

Kwa hiyo hebu tutenganishe mambo mawili. Busara inauliza: “Leo kuna la kufanya?” Wasiwasi unauliza: “Itakuwaje?” Busara ikipata jibu, inaamka na kulitenda, kisha inalala. Wasiwasi hauna kazi ya kufanya, ndiyo maana haulali.

Jaribu kupima kwa kipimo hicho. Kuvaa barakoa kanisani ni jambo la leo: vaa. Chanjo ni jambo la leo. Kanisa lilishafafanua mwezi Desemba 2020 kwamba kuzipokea chanjo hizi kunakubalika kimaadili, na Agosti 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Kama una swali la kiafya, muulize mhudumu wa afya, usiliulize kundi la WhatsApp. Dada yangu wa kwaya, kuongea na paroko sasa, na kukubaliana na mchumba wako na wazazi kwamba ikibidi mtafunga ndoa mbele ya watu wachache, ni jambo la leo. Sakramenti haihitaji hema. Mtahiniwa, kusoma sura ya leo ni jambo la leo. Kama shule zitafungwa Februari si jambo la leo, na ukilibeba leo halitakuwa jepesi mwezi huo wa Februari.

3. Tunarudi kwenye kawaida ipi?

Kuna upande mwingine wa hofu hii. Tunasema, “Tunataka tu maisha yarudi kama kawaida.” Ni haki yetu kutamani hivyo. Lakini kumbuka Waisraeli kule jangwani (Kut 16:3). Njaa ilipowauma kidogo, walianza kukumbuka masufuria ya nyama ya Misri. Nyama waliikumbuka vizuri sana. Fimbo za wasimamizi hawakuzitaja. Tamaa ya kurudi nyuma ina tabia hiyo ya kuchagua cha kukumbuka.

Mwezi Agosti 1576 tauni iliingia mji wa Milano, Italia. Askofu mkuu alikuwa Karoli Borromeo, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 40. Wakubwa wengi walikimbia, yeye akabaki akiwatembelea wagonjwa. Na watu walipoamriwa kukaa ndani ya nyumba zao, hakuwaambia wavunje amri. Alipeleka altare nje, kwenye njia panda za mji, ili Misa isomwe barabarani na watu washiriki wakiwa madirishani. Kengele zikapigwa kuwaita wasali kila mmoja mahali alipo. Kwa hiyo ukidhani kizazi chetu ndicho cha kwanza kufungiwa nje ya kanisa, sivyo.

Ninachotaka mkione zaidi ni alichofanya baadaye. Tauni iliisha, mji ukafunguka, soko likachangamka. Na mwaka 1579 Borromeo aliwaandikia watu wake kitabu cha kumbukumbu, akiwasihi wasisahau. Aliona hatari ambayo wengine hawakuiona: kwamba watu waliosali madirishani kwa machozi wangerudi kwenye maisha yale yale kana kwamba hawakutembelewa na jambo lolote. Wakati wenzake wanaogopa tauni irudi, yeye aliogopa watu warudi walivyokuwa.

Je, kawaida yetu ya 2019 ilikuwaje? Kanisa lilikuwa wazi kila Jumapili. Wangapi kati yetu tulikuwa ndani? Shosho wa jirani alikuwa peke yake hata kabla ya Korona. Mfanyakazi wa mkono alikuwa bila akiba hata kabla ya kafyu. Kama kurudi kwenye kawaida ni kurudi huko, basi tumeomba masufuria ya Misri.

Tena tukumbuke kwamba wapo wasio na kawaida ya kurudia. Wapo wenzetu waliozika baba au mama haraka haraka, watu 15 tu kaburini, bila matanga wala wimbo wa kwaya. Mtu kama huyo ukimwambia, “Tunashukuru sasa mambo yamerudi,” unamwacha peke yake mara ya pili. Mtafute. Muulize jina la marehemu, mwombee pamoja naye. Misa ambayo hatukuweza kuhudhuria wakati ule tunaweza kuiomba sasa.

4. Kitu ambacho hakifungwi

Jioni ile ya kwanza ya kafyu, 27 Machi 2020, ilikuwa saa mbili usiku hapa kwetu Baba Mtakatifu Fransisko aliposimama peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Sisi tulikuwa tumefungiwa kwa saa moja tu. Alitafakari juu ya Marko 4:35-41, dhoruba ziwani, na Yesu amelala chomboni. Kumbuka kwamba wanafunzi hawakuwa wameacha kuamini kuwa Yesu yumo. Walimwona. Walichotilia shaka ni kama anawajali. Mara nyingi hofu yetu ya kesho ni swali hilo hilo limevaa nguo nyingine.

Nyanya yangu alizuiwa kwa sababu ya umri. Kila Jumapili alioga, akavaa nguo zake za kanisani na leso kichwani, akaketi mbele ya redio dakika kumi kabla ya Misa kuanza. Ikifika Komunyo alipiga magoti na kuomba Komunyo ya kiroho. Aliporuhusiwa kurudi kanisani, hakuhitaji kuhimizwa. Njaa yake ilikuwa hai kwa sababu aliitunza. Lakini vijana wengi wa kigango chetu, walioruhusiwa tangu Julai 2020, hadi leo hatujawaona. Hakuna aliyewafungia. Walizoea.

Kardinali Robert Sarah aliliona hili mapema. Mwaka huo wa 2020 aliwaandikia maaskofu barua kuhusu kurudi kwenye Ekaristi kwa furaha, akieleza kwamba matangazo ya Misa yanasaidia sana lakini hayawezi kuchukua nafasi ya kushiriki mwenyewe. Kwa hiyo leo, milango ikiwa wazi, nenda. Usiweke akiba ya Misa za kwenda baadaye. Ni kama mana: ilikusanywa ya siku ile, na iliyowekwa hadi asubuhi ikaoza (Kut 16:19-20).

Na wakifunga tena? Kile ulichojenga nyumbani kwako leo ndicho kitakachobaki. Kwa hiyo juma hili fanya mambo matatu. Kwanza, chagua saa moja ya siku ya kusali na familia, hata dakika kumi, na msiiruke. Pili, soma habari za Korona mara moja kwa siku, kisha zima. Tatu, mpigie simu mwenzako mmoja wa jumuiya ambaye hajarudi, uende naye Jumapili. Usimhubirie. Mpitie tu nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja jambo moja unalohofia kuhusu miezi ijayo. Je, kuna la kufanya leo juu yake? Kama lipo, ni lipi? Kama halipo, utalikabidhi vipi kwa Mungu?
2. Ni kitu gani cha maisha ya kabla ya Korona ambacho hungetaka kirudi?
3. Makanisa yakifungwa kesho, nyumbani kwenu kuna sala gani itakayoendelea?

Tusali

Bwana Yesu, uliyelala chomboni katikati ya dhoruba, tunakuletea kesho yetu tusiyoijua. Utupe busara ya kutenda la leo na amani ya kukuachia la kesho. Uwapokee wenzetu waliofariki, uwafariji waliowazika kimya kimya. Milango ikiwa wazi tukute ndani, na ikifungwa utukute tukisali. Amina.

Majilio mema. Inueni vichwa!