SOMO LA LEO: KIDOLE CHAKO NA MASHINE

Ndugu wanakisomo, zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi kwa kuwa hatukujua kuandika. Tulipojua kusoma tukadhani dole limestaafu. Kumbe! Mwaka 2015 lilitumika kuandikisha wapiga kura. Kuanzia Mei 2019 likatakiwa kusajili laini za simu, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20.

Mwaka huo hapa Ngokolo tulimwona mama mmoja, mkulima wa mpunga, akiweka kidole kwenye mashine. Ikakataa mara tatu. Vijana nyuma yake wakacheka: "Mama, huyo si wewe!" Akaondoka kimya, bila laini. Jambo hilo lilituuma.

Mashine huuliza maswali ya namna mbili. La kwanza: "Wewe ndiye mwenye namba hii?" Hapo kidole chako hulinganishwa na alama zako tu, zilizochukuliwa ulipoandikishwa. Ni kazi ya mara moja. La pili: "Mtu huyu yumo tayari kwa jina jingine?" Hapo hulinganishwa na watu wote. Walioandikishwa kupiga kura mwaka 2015 walizidi milioni 22. Tuseme mashine inakosea mara moja tu katika kila watu milioni moja. Basi kidole kimoja kitaleta majina 22 ya uongo!

Ili kwenda upesi, alama hugawanywa mafungu. Mwaka 1901 polisi wa London walianza kutumia mpango wa Edward Henry wenye mafungu makuu 1,024. Mtafutaji hufungua fungu moja tu. Lakini karatasi ikitiwa fungu lisilo lake, ni kama mbuzi aliyeingia zizi la jirani: utamtafuta zizini kwako mpaka usiku.

Tena kuna ukali. Mashine ikiwekwa kali, mwizi hapiti, ila wenye haki nao hukataliwa. Ikilegezwa, foleni inakwenda na mwizi naye anakwenda. Kiasi cha ukali huamuliwa na watu, si mashine. Na wanaokataliwa sana ni sisi, maana jembe, na mawe ya wachimbaji wa Geita, husugua mistari ya kidole mpaka inafifia.

Ukikataliwa usiondoke. Nawa, jikaushe, usikandamize mno, kisha omba kujaribu kidole kingine. Yule mama alirudi kesho yake, akaweka kidole cha pete cha kushoto. Kikakubali.

Zoezi: Mashine ikikosea mara moja katika watu milioni mbili, daftari la milioni 22 litaleta majina mangapi ya uongo?