Mpira Chini Kwanza, Mnyororo Baadaye

Julai nilihamisha eskaveta ya tani 22 kutoka machimbo ya kokoto Morogoro hadi Unguja, na tangu siku hiyo simu haziishi: uliifungaje? Basi naandika hatua zote, ili mwenzangu asije kupata joto ya jiwe niliyoipata mimi.

Kibali cha mzigo mpana, vitambaa vyekundu, gari la kusindikiza, tani 56 kuwa mwisho wa uzito wa gari na mzigo wake: hayo wakala wako anayajua. Ndoo ishushwe, mkono ulalie ubao, kichwa kifungwe kisizunguke. Twende mbele.

Hatua ya kwanza ni minyororo, na hapa nina donge rohoni. Duka moja la Kariakoo liliniuzia minyororo minane ya milimita 10, muuzaji akiapa kwamba ni gredi 80. Nyumbani nikaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, pete moja moja. Mnyororo wa gredi 80 hupigwa muhuri wa 8 au 80 kwenye pete zenyewe. Ule haukuwa na alama hata moja. Niliporudi, akaniambia alama zimefutika kwa kutu, na mnyororo wenyewe ulikuwa unang'aa. Alinirudishia nusu ya hela baada ya mabishano ya saa nzima. Siku hizi muuzaji asiyeniacha nisome pete kabla ya kulipa, simnunulii hata skrubu.

Nikapata ya kweli kwingine, nikafunga, tukaondoka alfajiri na manyunyu. Karibu na Chalinze bodaboda akakatiza mbele ya lobedi iliyobeba eskaveta. Dereva akakanyaga breki. Mimi nilikuwa nyuma na pikapu, nikasikia kishindo kama geti la chuma linalobamizwa. Tuliposimama, eskaveta ilikuwa imesogea mbele shibiri nzima. Minyororo ya nyuma ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze, ya mbele inaning'inia. Utingo alishuka, akatazama, akanyamaza.

Kosa halikuwa kwenye minyororo. Kosa lilikuwa chini: nyayo za chuma juu ya kitanda cha chuma kilicholowa. Kanuni za IMO za kufunga mizigo melini zinahesabu msuguano wa chuma kwa chuma kilicholowa kuwa sifuri. Chuma kikavu kwa chuma, 0.1. Weka mpira au mbao katikati, unapata 0.3. Kwa mashine yangu hiyo 0.3 ni tani 6.6 zinazoshikwa na uzito wake wenyewe, bila pete hata moja. Na breki kali, kwa mwongozo wa upakiaji uliotolewa 2014 na IMO, ILO na UNECE, inahesabiwa kusukuma mzigo mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, yaani tani 17.6. Mimi nilikuwa nimeibebesha minyororo mzigo wote huo peke yake.

Nikapiga simu machimboni. Wakaleta kwa lori la Kanta mkanda chakavu wa krasha, ule unaobeba kokoto. Huu ndio mpira ninaoutaka. Una nyuzi ndani, haukatiki chini ya nyayo. Tairi kuukuu halilali vizuri, limejikunja, na mafundi tairi wanaokwambia ni sawa wanataka kupunguza rundo lao. Nikaukata vipande 14 kwa kisu kikali kilichochovywa maji ya sabuni. Bila sabuni mpira unakibana kisu. Opereta akageuza mkono pembeni, akakandamiza ndoo chini, upande mmoja ukanyanyuka. Tukafagia kitanda, maana mchanga ukibaki chini ya mpira unakuwa kama gololi. Kisha tukafuta grisi na kusukumiza vipande kwa mpini wa koleo, kila kimoja kikichungulia nje ya unyayo kidole kimoja ili nikione nikiwa njiani. Upande wa pili vivyo hivyo. Tukakaza upya, tukaenda kilomita 20, tukasimama na kukaza tena, kwa sababu pete hujipanga. Hadi bandarini Dar es Salaam haikusogea.

Hatua ya pili ni meli. Eskaveta ilishuka kwenye lobedi, ikatembea yenyewe hadi kwenye sitaha, nikatandika mpira uleule na kufunga kama nilivyozoea. Serahangi, mzee wa Kiunguja, akaizunguka mara mbili.

"Mwanangu, hii umeifunga ya barabarani."

"Kwani ina kasoro gani, mzee?"

"Umeizuia isende mbele. Hiki ni kipindi cha kusi. Chombo kitakwenda mrama, nayo itataka kwenda ubavuni."

Alikuwa sahihi kabisa. Barabarani nguvu kubwa iko mbele. Baharini iko pembeni, na chombo kikinyanyuka na kushuka hata msuguano wa mpira unapungua. Akanifundisha hesabu ya mabaharia: jumla ya nguvu salama ya minyororo ya kila ubavu isipungue uzito wa mzigo. Mnyororo wangu mmoja ni tani 6.3 hivi, basi minne kila ubavu, tani 25. Uliosimama zaidi ya nyuzi 60 usiuhesabu. Tukafungua yote, tukailaza kuelekea ubavuni. Nikachora mstari wa chaki kutoka unyayo hadi sitaha.

Katikati ya mkondo kusi ilitupiga kweli. Mimi na serahangi tulipita tukikaza, mkono mmoja kwenye kikazio, mwingine kwenye reli. Tulipofika bandari ya Malindi, Unguja, nilipiga magoti kabla ya kitu kingine chochote: mstari wa chaki ulikuwa umenyooka, umeloa chumvi, haujakatika. Mzee akaomba vipande viwili vya mpira. Nikampa vinne, kumi nikavikunja na kurudi navyo Dar.