Wivu Wako Una Habari Zako

Mdogo wangu, kadi ya mchango wa send-off ya rafiki yako imeingia kwenye simu na hujaijibu tangu asubuhi. Sufuria unaisugua kama imekukosea, mtoto akiuliza chakula unamfokea. Ukiulizwa una nini, unasema, "Nimechoka tu."

Huo ni wivu. Utaje, hata kwa kunong'ona. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambapo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine. Walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka upesi mbele ya hatari, ilitulia kidogo. "Nimechoka tu" haitaji kitu. Humo hujificha aibu, upweke, hasira na wivu, na kila kimoja kina dawa yake.

Najua kwa nini unaogopa kuutaja. Wengi tumelelewa kwa funika kombe, na mwenye wivu huhesabiwa mtu mbaya. Lakini kuona wivu hakukufanyi mchawi! Ubaya unaanza pale unapokwenda kumsengenya mwenzio kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa jiulize: katika yote aliyo nayo, hasa ninachokitaka ni kipi? Usikimbilie kujibu "ndoa". Nikiwabana wanaoniuliza, wengi huona kwamba sherehe haiwaumi. Kinachouma ni kuwa rafiki ana mtu wa kumpigia saa nne usiku siku ikiwa mbaya, au kwamba kwao akisema, anasikilizwa. Hayo huhitaji kusubiri kuposwa ndipo uyatafute. Toa mchango unaoumudu, mwambie hongera, kisha mtafute yule binamu uliyekuwa ukiongea naye hadi usiku wa manane kabla ya kupotezana.

Jambo moja silifanyii mzaha. Huzuni ikikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, hulali, huli, hata uliyoyapenda hayana ladha tena, hapo usibaki ukijihoji peke yako. Nenda hospitali ukamweleze daktari kama ambavyo ungemweleza homa. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usihesabu wiki: mwambie mtu leo, akusindikize.