Mshahara wa Kwanza: Somo kwa Vijana Wanaotoka Chuoni na kwa Wazazi Wao



Kila mwaka wako vijana wa Bumula wanaomaliza kosi zao, wengine Kibabii, wengine Sang'alo, wengine Kitale, wengine mbali huko Eldoret na Nairobi. Mzee aliuza ng'ombe, mama akauza mahindi ambayo familia ingekula, harambee ikafanywa, na Bodi ya Mikopo ikaongezea. Siku ya kuhitimu picha zinapigwa na kuku anachinjwa. Kesho yake asubuhi ndipo swali linakuja: sasa utajitegemea namna gani? Somo letu la leo ni la hiyo kesho yake.

Mshahara unaotajwa na mshahara unaofika

Tuanze na kijana aliyebahatika kupata kazi. Wengi wakiambiwa "utalipwa elfu ishirini," hapo hapo wanaanza kuipangia ile elfu ishirini yote. Wazazi nao wanafanya hesabu zao nyumbani kwa elfu ishirini hiyo hiyo. Lakini pesa hiyo haifiki.

Tuchukue mfano ambao nyumba nyingi kwetu zinaujua. Mwaka 2023 Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipochukua walimu wa mafunzo ya kazini, wale wa sekondari msingi walipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na wale wa shule za msingi shilingi 15,000. Sasa tuangalie mtu yeyote anayelipwa 20,000, kwa viwango vya sheria vya mwaka 2025. NSSF inachukua asilimia 6, yaani shilingi 1,200. Bima ya afya ya jamii, ile iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 300. Kodi ya mapato kwa mshahara mdogo kama huu haibaki kitu, kwa sababu kila mfanyakazi anasamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi. Kwa hivyo kinachofika ni shilingi 17,950, na bado hatujagusa deni la chuo.

Deni la chuo

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Kuna vijana wanaongea juu ya mkopo wake kana kwamba ilikuwa zawadi ya serikali. Wengine wanasema, "Watanipata wapi?" Watakupata. Mwajiri analazimika kisheria kukata pesa hiyo kwenye mshahara, na jina la asiyelipa linaweza kupelekwa kwa wale wanaoweka rekodi za wakopaji, ambao benki na Sacco huwauliza kabla ya kumkopesha mtu.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili: mkopo wenyewe ni wa bei nafuu sana, ila kunyamaza ndiko ghali. Riba ya mkopo wa digrii ni asilimia 4 kwa mwaka. Mtu mwenye deni la shilingi 150,000 anatozwa riba ya 6,000 hivi kwa mwaka. Lakini sheria inamtaka aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asipolipa faini ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Piga hesabu: faini ya mwaka mmoja ni 60,000. Hiyo ni sawa na riba ya miaka kumi! Tena mtu amepata hasara hiyo bila kununua hata kijiko.

Kwa hivyo kijana, hata kama huna kazi, mwaka huo ukikaribia kwisha iandikie Bodi, waambie uko wapi na hali yako ikoje, na ukiweza anza na kiasi kidogo. Weka nakala ya barua. Ni kweli kuna nyakati Bodi imesamehe faini kwa waliokubali kumaliza deni lote kwa mara moja. Lakini usipange maisha yako juu ya msamaha ambao hujui utakuja lini.

Karatasi na kalamu

Hebu sasa tukae na binti wa mfano wetu. Amepata kazi mjini Bungoma, anapokea 17,950. Tuseme HELB inakata 2,000. Anabaki na 15,950. Kabla hajanunua kitu anaweka akiba ya 2,000 kwa Sacco, imebaki 13,950. Chumba kimoja tuseme ni 3,000, stima na maji 700. Sasa ana 10,250. Chakula, akijipikia mwenyewe, shilingi 200 kwa siku, ni 6,000 kwa mwezi. Imebaki 4,250. Nauli 1,000. Nyumbani anatuma 2,000. Sabuni, mafuta, simu na sadaka ni ile 1,250 iliyobaki. Imekwisha.

Angalieni vizuri. Hakuna nguo hapo. Hakuna dawa, hakuna matanga ya jirani, hakuna kiatu kilichoraruka. Na huyu binti hanywi pombe wala hajaenda kutembea. Ndiyo maana nasema wale wanaosema "vijana wa siku hizi hawajui kuweka pesa" wangechukua kalamu kwanza. Wako wanaotapanya, sikatai. Lakini wengi tatizo lao ni kwamba pesa ni kidogo na kazi zinazoisubiri ni nyingi, na hakuna aliyekaa nao wakaipanga.

Wapi pa kupunguza? Chakula usikiguse, mtu mwenye njaa hukopa. Hapo kwa nyumba ndipo penye nafasi. Akikaa na mwenzake wa kazi wakagawana chumba, anaokoa 1,500 kila mwezi, na kwa mwaka ni 18,000. Tena kumbuka mwezi wa kwanza mwenye ploti huwa anataka kodi na dipoziti pamoja, yaani 6,000 kabla hujalala hata usiku mmoja. Wazazi, hapa mnaweza kusaidia bila pesa. Godoro la zamani, sufuria mbili, jiko la makaa, blanketi, ndoo: mpeni atoke navyo nyumbani. Kijana anayeanza na chumba kitupu hushawishika kuchukua kila kitu kwa mkopo.

Na mikopo siku hizi imejaa kwa simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo. Lakini kijana anayekopa 2,000 kila mwezi ili amalize mwezi analipa 150 kila mara, na mwaka ukiisha amelipa 1,800 kwa ajili ya ile ile 2,000 inayozunguka. Fuliza, iliyokuja mwaka 2019, ni hatari kwa namna nyingine: hujisikii kama umekopa. Pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza, hata ile mama aliyokutumia. Na zile simu za kulipa pole pole, shilingi 50 kwa siku, kwa mwaka ni 18,250. Fikiria ungeweza kuinunua kwa kiasi gani kama ungengoja.

Sacco inataka subira, lakini ndiyo ngazi ya mtu wa mshahara mdogo. Nyingi zimezoea kukopesha mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya asilimia 1 hivi kwa mwezi kwa deni linalobaki, na wadhamini juu. Walimu wa kaunti hii wanaijua Ng'arisha, ambayo zamani iliitwa Sacco ya Walimu wa Bungoma. Popote utakapojiunga, uliza kama imepewa leseni na SASRA, chombo kinachosimamia Sacco chini ya sheria ya mwaka 2008. Tusisahau mwaka 2007, mipango ya piramidi ilipoanguka nchini, DECI ikiwa mojawapo. Watu walipoteza pesa za shamba na za karo kwa kuahidiwa faida ambayo hakuna biashara ya halali ingeweza kuileta.

Nyumbani

Sasa tufike mahali pagumu. Katika nyumba nyingi mtoto wa kwanza kupata kazi anahesabiwa kuwa ndiye karo ya wadogo zake, hospitali ya nyanya, na mabati ya nyumba ya mzee. Si jambo baya. Aliyesomeshwa na wengi ana deni kwa wengi, hata kama halijaandikwa. Ila deni lisiloandikwa halina mwisho, na ndilo linalofanya vijana wengine wazime simu na kukaa Krismasi tatu bila kufika nyumbani. Mzazi anasema amesahaulika. Kijana anasema ananyonywa. Wote wawili hawajawahi kuonyeshana hesabu.

Maoni yangu ni kwamba kijana aende nyumbani na karatasi ya mshahara mkononi, asitume maneno kwa simu. "Baba, mama, hii ndiyo inayofika. Kodi ya nyumba ni hii, chakula ni hiki, deni la chuo ni hili. Kila mwezi nitaleta elfu mbili, na sitakosa. Ya zaidi tukubaliane mapema." Mzazi anayejua kwamba elfu mbili itafika kila mwezi anaweza kupanga. Anayepokea elfu tano leo na miezi minne kimya hawezi.

Tena pesa iende nyumbani kwa wakati wake. Mnajua kwetu mwezi wa sita na wa saba gala huwa tupu, na hapo ndipo simu zinalia: "Mwanangu, hakuna unga." Unatuma, gorogoro mbili zinanunuliwa kwa bei ya njaa, wiki ijayo simu inalia tena. Lakini mwezi wa tatu, mvua inapoanza, hakuna aliyeuliza habari ya mbolea. Mbolea ya ruzuku ilishushwa mwaka 2023 ikawa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kijana aliyepeleka mfuko mmoja na mbegu mwezi wa tatu ameisaidia nyumba kuliko yule aliyetuma unga mara sita.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya bajeti kutoka nje hawalijui. Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, kama 2024 na 2026, ni ya tohara kwa Wabukusu. Kijana mwenye kazi ambaye dada yake ana mwana wa kutahiriwa ni khocha, na khocha hatarajiwi kukaa mikono mitupu mpwa wake anapofika na njuga zake. Ng'ombe anachinjwa na mtoto anavishwa nyama shingoni. Sisemi desturi hii iachwe. Nasema tarehe yake inajulikana miaka miwili kabla! Shilingi 500 kwa mwezi kwa miezi 24 ni 12,000, na ndugu watatu wakifanya hivyo wana 36,000 bila mtu kukopa.

Na afya. Wengi wanafikiri bima ya mtoto aliyeajiriwa inamlinda mama na baba. Hapana, inamlinda yeye, mwenzi wake wa ndoa na watoto wake. Mzazi lazima ajiandikishe mwenyewe, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 inayolipwa kwa mwaka mzima. Kama kijana ana uwezo wa kufanya jambo moja tu kwa wazazi wake, mimi ningemwambia afanye hili kabla ya mabati.

Na yule ambaye bado hajapata kazi?

Ndio walio wengi, tuseme ukweli. Kwake mpango wa pesa unaanza bila pesa. Mwaka mmoja nyumbani si aibu, lakini uwe mwaka wenye hesabu. Omba mzee akuonyeshe kipande cha shamba, hata robo eka, na mkubaliane mbele ya mama kwamba mavuno ya hapo ni yako na utayatumia kwa nini. Sukuma wiki, kunde na mboga nyingine za kienyeji zina soko Mateka na mjini Bungoma. Andika kila senti ya mbegu na kila senti ya mauzo kwa daftari. Pesa ya kwanza ya daftari hilo ifungue akaunti ya Sacco au ya chama, hata kama ni 300. Na usikae katika kundi la kuchangiana ambalo halina kitabu cha mweka hazina kinachosomwa mbele ya wote.

Kazi ya kikundi

Vijana waje na karatasi na kalamu. Kila mmoja aandike mshahara ambao kazi ya kosi yake hulipa kwa kweli, akiwa ameuliza mtu anayeifanya sasa, kisha aondoe NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba kama tulivyofanya juu. Apange kinachobaki mpaka kifike sifuri. Wazazi, katika chumba kingine, waandike bila kushauriana nao wanachotarajia kutoka kwa mtoto huyo kwa mwezi. Baadaye kila familia ikae peke yake na kuweka karatasi mbili pamoja. Kiongozi awape muda wa kutosha, nusu saa haitoshi. Karatasi zisikusanywe wala kusomwa mbele ya watu. Kila familia irudi na zake nyumbani.