SOMO LA KOMPYUTA: Celeron N4020 au Core i5-4300U? Ipi Inafaa Pesa ya Mwanafunzi



Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka wa masomo unapofunguliwa wapo wenzetu wanaoshuka kutoka vilima vya Ibanda, na wengine kutoka Bwera, wakipanda basi Kasese na pesa za aina mbili. Moja ni ya karo. Ya pili ni ya laptopu. Hiyo ya pili imetoka kwenye magunia ya kahawa ya mzee, au mbuzi aliyeuzwa, au mchango wa wajomba na mashangazi. Ikipotea, haitakuja nyingine mpaka mtu ahitimu.

Dukani mwenzetu huyu anaonyeshwa mashine mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni mpya, imo ndani ya boksi, ina stika ya Intel Celeron N4020. Ya pili ilitumika ofisini Ulaya, mfuniko umekwaruzika, na ndani yake mna Intel Core i5-4300U. Wengi huchukua ya boksi, kwa hoja kwamba kipya hakiwezi kushindwa na kikuukuu. Somo letu la leo linaipima hoja hiyo.

1. KARATASI INASEMAJE?

Prosesa ndiyo chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta: ukifungua ukurasa, ukiandika herufi, ukicheza video, yote hupita hapo. Hizi ndizo sifa za prosesa zetu mbili kama mtengenezaji anavyozitaja.

Core i5-4300U: ilitoka mwaka 2013. Viini 2, nyuzi 4. Kasi ya kawaida gigahezi 1.9, ikikaza hufika 2.9. Kumbukumbu ya ndani (keshi) MB 3. Wati 15. Imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 22.

Celeron N4020: ilitoka mwishoni mwa 2019. Viini 2, nyuzi 2. Kasi ya kawaida gigahezi 1.1, ikikaza hufika 2.8. Keshi MB 4. Wati 6. Nanomita 14.

Tazama vizuri. Celeron ni changa kwa miaka 6. Keshi yake ni kubwa zaidi. Inatumia umeme mdogo. Kasi yake ya juu imepitwa kidogo tu, gigahezi 0.1. Mtu akisoma karatasi hii peke yake atasema zinalingana, au Celeron ni bora. Lakini ukiziwasha pamoja na kuzipa kazi moja, i5 ya mwaka 2013 hutangulia, katika kazi ya kiini kimoja na katika kazi ya viini vyote. Kwa nini?

2. MCHI NA KINU

Gigahezi ni hesabu ya mapigo. Gigahezi 2.8 maana yake ni mapigo bilioni 2.8 kwa sekunde. Haikuelezi kila pigo linafanya kazi kiasi gani.

Chukua mfano wa akina mama wawili wanaotwanga muhogo. Wote wanapiga mchi mara 40 kwa dakika. Mmoja ana kinu kikubwa na mchi mzito, mwingine ana kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Ukihesabu mapigo utasema wako sawa. Ukipima unga jioni utaona tofauti.

Celeron za herufi N zimetoka katika ukoo wa Atom, ambao Intel iliusanifu kwa vifaa vidogo vya kutunza betri. Kinu chake ni kidogo: maagizo machache hupita kwa kila pigo. Core i5 imetoka katika ukoo mkubwa, wenye njia pana za ndani. Pigo moja lake linatwanga zaidi.

Sababu ya pili ni nyuzi. i5-4300U ina teknolojia ya Hyper-Threading, inayowezesha kila kiini kushika kazi mbili kwa zamu za haraka, ili kazi moja inaposubiri data nyingine iendelee. Viini 2 havigeuki kuwa 4, lakini ukiwa na kivinjari, faili la PDF na Word vimefunguliwa pamoja, utaiona nafuu yake.

Sababu ya tatu inawahusu hasa wanaosoma sayansi ya kompyuta na takwimu. i5-4300U ina maagizo ya AVX na AVX2, ya kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo mmoja. Celeron N4020 haina hata AVX ya kwanza. Kuna programu ambazo bila AVX haziwaki kabisa: TensorFlow ya kawaida inaihitaji tangu toleo la 1.6, na MongoDB tangu toleo la 5.0. Mwanafunzi anaweza kununua mashine mpya kabisa, akafika muhula wa tatu, programu ya somo ikakataa kufunguka, na akadhani ameiweka vibaya.

3. CELERON INASHINDA WAPI?

Tuseme haki. Celeron ina ushindi wake, nao si mdogo.

Kwanza, umeme. Wati hizo 6 na 15 ni kipimo cha joto ambalo chipu imesanifiwa kulitoa ikifanya kazi, na si umeme wote wa laptopu, maana kioo nacho kinakula. Hata hivyo tofauti ni ya kweli. Kwa mwenzetu anayechaji kwa sola nyumbani wakati wa likizo, jambo hili lina uzito.

Pili, joto na vumbi. Mashine nyingi za N4020 hazina feni, kwa hiyo hazivuti vumbi wala hazipigi kelele. Laptopu ya i5 ina feni, na feni ya miaka kumi na zaidi inataka kusafishwa, hasa kwetu sisi wa joto la Kasese.

Tatu, video. N4020 ina sehemu maalumu ya kufungua video za VP9, ambazo YouTube huzitumia sana. Kwa i5-4300U sehemu kubwa ya mzigo huo huangukia prosesa yenyewe, na feni utaisikia.

Nne, Windows. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaikubali rasmi N4020, na haiikubali i5-4300U. Atakayenunua i5 hii ajiandae kuhamia Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, pamoja na LibreOffice. Vyote hivyo ni bure na halali, na ni bora kuliko Windows iliyovunjwa kufuli, inayoweza kuja na virusi juu ya dhambi. Lakini kama programu ya somo lako ni ya Windows pekee, hili lipime kabla ya kutoa pesa.

4. PROSESA HAIENDI PEKE YAKE

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakibishana juu ya prosesa na kusahau RAM na diski.

Laptopu nyingi za N4020 huja na RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC ya GB 64, nayo imechomelewa. Windows 11 yenyewe inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Yaani umenunua mashine inayotimiza sharti la chini kabisa, bila mlango wa kuongeza. Baada ya masasisho machache hifadhi inajaa, na mashine inatambaa.

Laptopu za ofisi za enzi ya i5-4300U zilitengenezwa zifunguliwe. HP EliteBook 840 G1, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM na inafika GB 16, na diski yake inatoka kwa bisibisi. Ukiikuta na GB 4 na diski ya kuzunguka, unaweza mwaka huu kuweka SSD, mwaka ujao ukaongeza RAM. Basi kabla ya kulinganisha bei, jumlisha: bei ya mashine, SSD, RAM, na betri ikibidi. Jumla hiyo ndiyo bei yake ya kweli.

Tahadhari moja: usitosheke na neno "i5". Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi kwa chipu za enzi hizo. 4300U ni kizazi cha nne. 520M haina tarakimu hiyo, ni ya kizazi cha kwanza, na ni nyingine kabisa. Muulize muuzaji namba kamili.

5. CHAGUA KWA KAZI YAKO

Kama kazi yako ni kuandika, kusoma PDF na kuhudhuria darasa la mtandaoni, na umeme kwenu ni wa shida, Celeron N4020 itakufaa, kwa sharti iwe na RAM zaidi ya GB 4 au diski inayobadilishika.

Kama unasoma takwimu, uhasibu wenye majedwali makubwa, au programu nyepesi, i5-4300U yenye GB 8 na SSD ndiyo thamani ya pesa yako.

Kama unasoma usanifu wa majengo, au unataka kutengeneza programu za simu kwa Android Studio, inayotaka RAM ya GB 8 kwa uchache, basi ukweli ni kwamba zote mbili zitakuchosha. Tumia maabara ya chuo, ongeza akiba, na usinunue kwa haraka.

6. TIA MKONO NDANI YA GUNIA

Mzee wako anapouza kahawa, mnunuzi hatazami mdomo wa gunia akalipa. Anatia mkono mpaka chini, anatoa punje, anaiuma aone kama imekauka. Nawe fanya hivyo kwa laptopu, hapo hapo dukani:

a) Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Kwenye Linux andika lscpu. Usiamini stika, stika hubandikwa.

b) Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakupa uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 na sasa ni 30,000, imebaki asilimia 60. Punguza bei au ijumlishe betri mpya.

c) Cheza video kwa dakika 15, kisha gusa chini na usikilize feni.

d) Jaribu kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, maiki na Wi-Fi.

7. HUKUMU YA KUUZIANA

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kughushi.

Kwa hiyo muuzaji anayejua kwamba betri imekufa, au mashine inazimika ikipata moto, ni wajibu wake kusema. Mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa, ambayo ilikuwepo kabla ya mauzo, ana khiyari ya kurudisha. Katika madhehebu ya Shafi'i, anayeijua kasoro na kuweza kurudisha asicheleweshe. Ukiitumia mwezi mzima huku ukijua, haki yako imeondoka. Pia mnaweza kuwekeana sharti la kujaribu na kurudisha kwa siku maalumu. Shafi'i na Abu Hanifa wameishilizia siku 3. Liombe sharti hilo kabla ya kulipa, liandikwe kwenye risiti.

Na hukumu hii haiwahusu wenye maduka pekee. Sisi wa mwaka wa mwisho ndio tunaowauzia laptopu zetu wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Tunamwambia "ni i5, iko sawa," naye anatuamini kwa sababu jana tulisimama safu moja katika swala. Ndugu yangu, mwambie namba kamili, umri wa betri, na kitufe kisichofanya kazi. Ikiwa bei itashuka kwa hayo, kilichoshuka hakikuwa chako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAKA

1. Kwa nini prosesa mbili zenye gigahezi zinazokaribiana zinaweza kutofautiana katika kazi?
2. Orodhesha programu 3 za somo lako, kisha tafuta kila moja inahitaji RAM kiasi gani na mfumo gani.
3. Mnunuzi amegundua kasoro siku ya pili, muuzaji anasema "mali ikiuzwa hairudi". Nini haki ya kila mmoja?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na atubarikie katika kichache tulichonacho. Wallahu a'lam.