Kabla ya Kumkabidhi Wakili Kesi ya Mtoto

Mama anaishi Kamembe, Rwanda, baba yuko Bukavu, Kongo, na mtoto huvushwa mpaka na shangazi yake kila mwisho wa wiki. Siku wazazi wakikosana, swali la nani abaki na mtoto huzaa jingine: tumtafute wakili gani? Haya ni mambo ya kumuuliza kabla ya kutoa hata faranga moja.

Amesajiliwa? Chama cha Mawakili cha Rwanda kiliundwa kwa sheria mwaka 1997. Hakikisha jina lake limo katika orodha yao. Kama bado yuko katika kipindi cha mazoezi, akueleze ni wakili gani anayemsimamia.

Alikuwa wapi kabla ya joho? Wapo waliowahi kushika chaki, na wapo waliofanya kazi ya kutetea watoto. Aliyepitia huko hujua kuuliza. Mtoto wa miaka 6 ukimwuliza, "Ilikuwa saa ngapi?" huenda akabuni jibu ili tu akuridhishe. Aliyezoea darasa humwuliza: "Ulikuwa umeshakula? Ulikuwa bado umevaa sare?" Saa hujitokeza yenyewe. Lakini ualimu hauchukui nafasi ya usajili. Unahitaji vyote viwili.

Ataongea na mtoto vipi? Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mkataba huo unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Sheria ya mwaka 2018 ya kumlinda mtoto inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Wakili akimwuliza mtoto mbele yenu, "Unampenda nani zaidi?" tafuta mwingine.

Malipo ni kiasi gani? Yaandikwe na yatiwe sahihi, pamoja na kazi atakayoifanya.

Siku ya kwanza nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa kama kipo, ripoti za shule, karatasi za kliniki na risiti za matumizi. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Rusizi aje na hati za Kongo. Kumbuka pia kwamba abunzi, yaani wapatanishi wa jamii, husuluhisha mengi kijijini, ila talaka hutolewa na mahakama.

Huna pesa? Kila wilaya nchini, Rusizi ikiwemo, ina ofisi ya MAJ ya msaada wa kisheria, inayotoa ushauri bila malipo. Mwulizie mtumishi anayeshughulikia haki za watoto na ukatili wa kijinsia.

Mtoto akidhulumiwa kimwili au kingono, usianze na wakili. Piga simu 116, ni bure, au mpeleke kituo cha Isange katika Hospitali ya Gihundwe, ambako daktari, mpelelezi na mshauri wako chini ya paa moja. Usimwogeshe, wala usifue nguo alizovaa, maana ushahidi utapotea. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo usingoje kikao cha ukoo.

Mkishatoka kwa wakili mara ya kwanza, mwulize mtoto njiani kama angependa kurudi kuongea na mtu yule. Jibu lake lipewe uzito uleule wa vyeti vilivyotundikwa ukutani.