Kona Huanza Kabla ya Kona



Usishangae frateri kuandika habari za kukata kona. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1806, inaipa fadhila ya busara jina la zamani: mwendesha gari la fadhila. Enzi hizo lilikuwa gari la farasi, ila kazi ni ileile ya kuchagua njia. Basi leo tujifunze kwa dereva.

Hapa Tanzania tunaendesha kushoto. Unakata kushoto? Ingia leni ya kushoto mapema, na ukishakata baki kushoto. Unakata kulia? Tazama vioo, washa indiketa, sogea leni iliyo karibu na mstari wa katikati, wapishe wanaokuja mbele yako, kisha ingia upande wako wa barabara mpya. Usipitie upande wa wenzako ili kufupisha kona. Kwenye kipilefti, mpishe anayetoka kulia kwako. Kama unakwenda kulia, shika leni ya kulia, halafu washa indiketa ya kushoto ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. Alama zilizochorwa chini zikielekeza vingine, fuata hizo.

Umeona? Karibu kila kitu kinafanyika kabla usukani haujazunguka.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua, na kuamuru tendo lifanyike. Kutazama vioo na alama ni shauri. Kuchagua leni ni uamuzi. Kuzungusha usukani ndiyo amri. Shida yetu vijana ni kuanzia la tatu. Mtu yuko leni ya kushoto, taa imewaka kijani, ndipo anakumbuka anakwenda kulia, anachomekea. Pembeni yake kuna bodaboda, abiria amempakata mtoto. Haraka ni yake, mwili utakaovunjika ni wa mwingine. Ndiyo maana mwaka 2007 Vatican ilipotoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye Amri Kumi za Dereva, ya kwanza ni ileile tunayoijua: Usiue.

Sasa, je, kama umeshakosea leni? Nyoosha. Nenda ukageuzie mbele. Utapoteza dakika kadhaa, pengine na abiria wako watakucheka. Lakini kona iliyokupita unaweza kuirudia. Mtu uliyemgonga humrudishi. Mara nyingi kinachomfanya mtu alazimishe kona si haraka, ni kiburi tu cha kutotaka kuonekana amekosea.

Na maisha yako hivyohivyo. Anayesema, "Nitajizuia nikishafika gesti," tayari yuko leni isiyo yake. Usafi wa moyo unaamuliwa mchana, kabla ya ule mwaliko wa usiku. Na ukiwa umepotea njia, Mungu ameweka pa kugeuzia: Kitubio.

Zoezi la wiki hii: kama unaendesha, chagua leni yako mapema kila safari. Kama ni abiria wa bodaboda, jifunze kusema kwa upole, "Kaka, usichomekee, tutageuza mbele." Sentensi hiyo fupi nayo ni upendo kwa jirani.

Tuombeane.